Sufuri Nukta Saba

Januari, Kuopio. Digrii ishirini na sita chini ya sufuri,
nami nimepewa koti la mtu aliyestaafu,
mikono yake inanifunika hadi kucha,
jina lake bado limeshonwa kifuani: PEKKARINEN.
Miezi mitano watu wa bohari wataniita hivyo.

Kazi yangu ni nyepesi kuitaja:
maji yanapita bombani, mita inasema ni kiasi gani,
nami naiuliza mita, Una hakika?

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Hapa tunayamwaga makusudi,
tunayazoa mpaka tone la mwisho,
tunayatia mizanini.
Sekunde sitini. Pampu inaguna,
mkono wa chuma unageuza mkondo,
tangi linajaa, namba inatetemeka, inatulia:
tani moja na kilo nne.
Mita ilisema tani moja na kilo kumi na moja.

Mtunga mashairi anajua: mizani ikizidi moja tu,
mstari mzima unachechemea.
Mimi nimezidishiwa saba.

Nikarudia. Saba. Nikarudia. Saba.
Asilimia sufuri nukta saba, asubuhi na jioni,
pampu ikienda mbio, pampu ikijikokota.

Fundi wetu ni Voitto, miaka sitini na mitatu.
Jina lake kwa lugha ya hapa ni Ushindi,
na sijaona mtu aliyeshindwa na maneno kama yeye.
Siku ya kwanza alisema, "Viatu."
(Nilikuwa nimevaa vya mjini.)
Siku ya tisa alisema, "Kahawa."
Wiki ya tatu alisimamisha bisibisi juu ya bomba,
akatega sikio kwenye mpini, akafumba macho.
"Linakwaruza," akasema. Akaenda nyumbani.

Maji hayapendi kona, ndivyo nilivyosoma chuoni.
Yakipita kiwiko cha bomba hutoka yamelewa,
yanapepesuka, yanajizungusha,
na huhitaji njia iliyonyooka, vipenyo kumi vya bomba lenyewe,
ndipo akili ziyarudie.
Nikapima njia. Vipenyo kumi na viwili.
Nikalaumu joto la maji. Nikalaumu kebo.
Nikawaandikia waliounda mita,
barua yenye adabu nyingi na sumu kidogo.
Bi. Hellevi, msimamizi wangu, aliisoma amesimama,
akanirudishia. "Umefungua bomba?"

Sikuwa nimefungua.

Boliti kumi na mbili. Vidole vimekufa ganzi.
Flanji zikaachana kwa sauti ya buti linalong'olewa matopeni,
na pale katikati
gasketi imekaa upande,
ulimi wake mweusi umechomoza ndani ya bomba
milimita nne, labda tano,
unalamba kila maji yanayopita.
Nani aliifunga? Daftari la karakana halina haya:
tarehe tisa, saa tisa alasiri, saini ya mtu mwenye haraka,
Saimi R.
Mimi.

Voitto akatazama saini. Akatazama gasketi.
Akaenda kwenye kabati lake, akakawia,
akarudi na gasketi nyingine, kuukuu, ngumu kama mkate wa wiki iliyopita,
nayo imeliwa na maji upande uleule.
"Sabini na tisa," akasema. "Yangu."
Kisha akanishikia tochi.

Sasa niko kwenye ripoti, ukurasa wa thelathini na moja.
Ningeweza kuandika: *gasketi ilifungwa vibaya.*
Kauli ya kutendwa ni ghala zuri,
mtu huingia humo asionekane tena.
Nimefuta. Nimeandika: *niliifunga vibaya.*
Bi. Hellevi akaweka alama ya vyema pembeni, kwa penseli,
na chini yake swali.

Maana tulipopima upya, mizani ilisema kilo nne,
mita ikasema kilo tano.
Hiyo moja bado sijui inatoka wapi.
Nje theluji imefunika bomba zote za mji.
Nimevaa koti la Pekkarinen, narudi chini.